Mkwe Wangu Alinisemea

Mwaka wenyewe ni ule spinachi ilipokatazwa Marekani nzima. Serikali ilitangaza kwenye televisheni kwamba ina viini vya kuua watu, na kesho yake nilipofika supamaketi nikakuta rafu tupu kama ufizi wa mzee. Sisi Wakenya wa Lanham tukahamia kwenye yale majani mapana wanayopika Wamarekani weusi, ambayo tulikuwa tumeshayabatiza sukuma wiki. Tukala sukuma Jumatatu, tukala sukuma Jumamosi, Jumapili baada ya ibada kila sufuria iliyofunuliwa kanisani ilikuwa sukuma, na mtu akicheka unaona kijani katikati ya meno. Ukiniuliza mjukuu wangu alipelekwa milimani lini, tarehe sina. Nina sukuma.

Mimi sikusoma. Nilitolewa shule darasa la nne nikalee wadogo zangu, na nikawalea, na wote wakawa watu. Nikazaa wangu, nikawasomesha kwa kahawa na mgongo huu huu. Kwa hiyo mtu akija kunieleza jinsi mtoto anavyolelewa namkaribisha kiti, namsikiliza, kisha namuuliza yeye ameshalea wangapi.

Huyu mjukuu ni wa binti yangu wa kwanza. Binti yangu alikuwa nesi kwenye hospitali iliyo karibu na apatimenti ninayokaa na kitinda mimba wangu. Kila asubuhi alitoka kwake Gaithersburg, mtoto amefungwa kwenye kiti cha nyuma bado ana usingizi, akanishushia mimi, jioni akampitia. Watu walituuliza kwa nini nisihamie Gaithersburg, nyumba yenye ngazi ndani na vyumba vya kupotelea, kuliko kumchosha mtoto barabarani. Aliyeuliza hivyo hakuwa wa kwetu. Kwetu Bungoma mama hakai chini ya paa la mkwe wake. Hampi mkono, hali mbele yake, hamtazami usoni. Mkwe akiingia mahali mama yumo, mmoja wao hutoka. Si chuki hiyo. Ni heshima kubwa kuliko zote tulizo nazo. Huyu mtu analala na mtoto uliyemzaa wewe, basi mnajengeana ukuta ili nyote mbaki watu.

Kilichotuokoa ni simu. Simu haina uso. Kwa simu mkwe wangu aliniita Mama, akaniuliza kama magoti bado yananisumbua baridi ikianza, tukacheka. Alikuwa na sauti nzuri, ya mtu anayekupisha njia. Nilimpenda kwa simu miaka mingi, na sura yake sikuijua.

Kisha kansa ikamchukua binti yangu. Watu wa kanisa walichanga tukamrudisha nyumbani, nikamzika kando ya baba yake. Mtoto wake alikuwa na miaka kumi na mmoja. Hakulia makaburini. Alisimama ameshika leso yangu kama anayeogopa kupotea sokoni. Tuliporudi huku nilimfundisha tulichofundishwa sisi: asubuhi, kabla hujaonja chai yako, mwaga tone moja, mwambie mama umeamkaje. Mchungaji hapendi kusikia habari hizo. Lakini mchungaji hakumzaa binti yangu. Na baba wa mtoto ni wa kwetu vilevile. Siku ya mazishi nilikuwa nyuma ya migomba nikamsikia kwa masikio yangu akizungumza na marehemu baba yake, akimwomba ampokee mkewe vizuri.

Nyasi hazijaota vizuri kaburini, akaoa. Sikumlaumu. Mwanamume hajui kupika msiba peke yake, nilijua. Lakini mtoto alianza kulala ndani ya kabati la nguo, kati ya zile sare za kinesi za mama yake, na mke mpya akazifunga kwenye mifuko ya plastiki akazitoa. Mtoto akaacha kula. Akaacha kusema. Baba yake akaona ni kiburi. Nasema bila kumung'unya: alimpiga kwa mkanda. Mwalimu akaona alama miguuni, na hapa Marekani mwalimu akiona alama hanyamazi. Kaunti, yaani serikali ya eneo, ikaja ikamchukua, ikamweka kwa familia ya kulea, watu baki, huko huko Gaithersburg.

Ile familia sina neno nayo. Mama mwenye nyumba alikuwa mpole, na walikuwa na mbwa mnene aliyelala miguuni pa mtoto. Lakini mtoto alijua njia ya kwangu. Alipanda basi, akapanda treni, akabadilisha, nikitoka kutupa taka namkuta amekaa kwenye ngazi, mkoba magotini.

"Kukhu," akaniambia, maana ndivyo kwetu nyanya anavyoitwa, na zaidi ya hapo hakusema.

Nikampa ugali na sukuma. Alikula sahani nzima. Ndipo kaunti wakaja kumrudisha, akaenda, akatoka tena. Wakaandika kwamba ni mtoto mtoro. Nikamwambia kitinda mimba wangu awaulize hivi: mtoto anayekwenda kwa nyanya yake, anatoroka nini? Hawakufuta walichoandika.

Wakasema apatimenti yetu ni ndogo, hana chumba. Haya. Mwanangu akatafuta ya vyumba viwili katika majengo hayo hayo. Mama wa kaunti akaja kukagua. Alikuwa mwanamke mwembamba, uso wa kuchoka, funguo zinaning'inia shingoni kama kengele ya ng'ombe. Akafungua friji yangu. Akabonyeza kile kidude cha darini kinacholia moto ukiwaka, kikalia, akafurahi. Nilikuwa nimetandika kitanda cha mtoto kwa shuka za waridi. Mtoto, aliyekuja na yule mama, alipoziona alimnong'oneza mjomba wake kwa Kizungu kwamba waridi ni rangi ya watoto wachanga. Lakini alikaa juu ya hicho kitanda, akabonyeza godoro kwa kiganja, akabonyeza tena.

Ndipo mkwe akapiga simu.

"Mama, kuna mkutano Rockville. Wanaamua mtoto akae wapi. Mimi kama baba nitakuwa ndani, kwa hiyo najua wewe huwezi kuingia. Usiwe na wasiwasi. Nitakusemea."

"Waambie kitanda kiko tayari," nikamwambia.

"Nitawaambia."

"Waambie akiwa kwangu anakula."

"Mama, mimi ni mtoto wako. Hata hayo nitawaambia."

Nikamshukuru. Kwetu ndivyo inavyokuwa: kama wakwe wawili wana neno mahali pamoja, mmoja hukaa nje na mwenzake hubeba neno lake. Na neno ulilobebeshwa ni kama mtoto wa mtu mgongoni. Huwezi kulitupa njiani. Mwanangu alikuwa na zamu kazini na bosi wake alikataa kumwachia. Nikasema haina shida, mkwe yupo.

Usiku ule nilikaanga mandazi ya iliki, nikayapanga kwenye mkebe mkubwa wa biskuti, kwa kuwa niliambiwa huenda mtoto atakuwepo. Asubuhi nikavaa nguo ya kanisani. Mkwe alitaka kunipitia na gari, nikakataa, nitaketije nyuma ya kisogo chake njia nzima? Nikapanda treni New Carrollton, nikabadilisha mjini, nikashuka Rockville na mkebe wangu kifuani.

Mtoto hakuwepo. Niliketi koridoni kwenye kiti cha plastiki, mkabala na mlango. Wakapita watu wenye karatasi, wakaingia. Mlango ulipofungwa mara ya mwisho nilisikia sauti ya mkwe wangu, ile nzuri, nikatulia. Baadaye mlango ukafunguka, yule mama wa kaunti akatoa kichwa, akanipungia mkono niingie. Nyuma yake nikaona bega la mkwe, koti la kijivu. Basi nikafanya adabu. Nikajifunika leso usoni, nikatikisa kichwa. Nikaweka mkono mdomoni pangu, kisha nikamnyooshea yule wa ndani: maneno yangu anayo yeye. Mtoto wa darasa la kwanza kwetu angeelewa. Mama wa kaunti alinitazama, akamtazama mkwe, mkwe akasema kitu kwa Kizungu, kifupi, kwa upole. Yule mama akaitikia kwa kichwa, uso umejaa huruma. Mlango ukafungwa.

Ile huruma niliirudia sana baadaye, kama mtu anayeonja tena mchuzi aliotiliwa kitu ndani yake.

Mkwe alipotoka niligeukia ukutani. Naye akasimama kando, akazungumza na ukuta wake.

"Mambo yako sawa, Mama. Wamekubali. Ni kusubiri tu wamalize mambo yao."

Nikamwombea baraka hapo hapo, nikiwa nimeelekea rangi ya ukuta. Mandazi sikuwa na wa kumpa. Nikauweka mkebe juu ya kiti, nikasogea mbali hadi kwenye bomba la maji ya kunywa. Nilipogeuka mkebe haukuwepo. Mkwe wangu alikwenda nyumbani na mandazi yangu, na nina hakika aliyala.

Nikasubiri. Kila aliyegonga mlango nilidhani ni kaunti wameleta mtoto. Mwanangu akapiga simu kule Rockville akaambiwa anayehusika atampigia. Nikampigia mkwe. Akasema, subiri, Mama, Wamarekani ni watu wa taratibu. Nikampigia tena, hakushika. Shuka za waridi nilizifua nikazitandika tena kwa sababu zilikuwa zimeanza kushika harufu ya sukuma, na hakuna aliyezilalia.

Aliyekuja mwishowe ni wakili. Dada mdogo, Mmarekani mweusi, viatu vya mpira chini ya suti nzuri. Alikuja na mkalimani, kijana wa Tanzania. Kijana aliniamkia shikamoo hadi nikaona haya, maana sisi watu wa bara ya Kenya tunasalimiana juu juu. Akaeleza kwamba huyu dada ni wakili wa mtoto, koti, yaani mahakama, imempa mtoto wakili wake mwenyewe, si wa baba, si wa kaunti. Dada akaketi kwenye sofa yetu, akakataa chai, halafu akauliza kitu. Mkalimani akakohoa kwanza.

"Bibi, anauliza kwa nini ulimkataa mtoto."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamuuliza kama kule Tanzania neno kukataa lina maana ile ile ya kwetu. Akasema ni ile ile, bibi.

Ndipo nikaambiwa yaliyosemwa mle ndani nikiwa koridoni na mkebe. Mkwe wangu aliwaambia kwamba mama mkwe ni mzee, mgonjwa, amechoshwa na mtoto huyu, anamwogopa. Amekuja Rockville kwa heshima tu, wala hataki hata kuingia kukaa nao, na wao wenyewe wakitaka wamwite waone. Wakaniita. Wakaona. Mama mzima kajifunika uso, katikisa kichwa, kamnyooshea kidole baba mtu: muulizeni huyu.

Na akawaambia kwamba mtoto anazungumza na maiti kila asubuhi, anawamwagia chai. Wakamleta daktari, akamtazama mtoto kwa muda wa kunywa kikombe, mtoto akanyamaza kama kawaida yake, daktari akakubaliana na baba. Wakampeleka kwenye kituo cha watoto wenye maradhi ya akili, wanalala huko huko, milango inafunguliwa kwa kadi. Kiko Virginia, milimani. Alikuwa huko tayari wakati mimi nafua shuka.

Nilimwambia mkalimani anisubiri. Nikaenda jikoni nikafungua bomba, nikaacha maji yatiririke. Sikulia. Nilikuwa naisikiliza ile sauti ya simuni, naitafuta mahali ilipopasuka. Haikuwa imepasuka popote. Hilo ndilo lililoniuma. Mwizi wa kawaida huvunja mlango, ukifika unaona mbao na unapiga kelele. Huyu alipita kwenye adabu yangu. Alijua nitajifunika uso. Alijua nitakaa koridoni. Mzungu asingeweza kunifanyia vile, hana ufunguo. Na sababu yake ilikuwa wazi hata kwa mtu wa darasa la nne: mtoto akikaa kwangu atakula, akila atasema, na akisema atasema mkanda, na yeye alikuwa anasubiri karatasi za uraia, ambazo kesi ya mkanda ingezizuia. Lakini mtoto akiwa amepimwa kichwa, maneno yake yote ni ya kichwa kibovu.

Nilivyorudi sebuleni nilimuuliza dada kama huku hakuna sheria, kwamba mtoto wa mtu anavushwa mpaka kama mbuzi.

Akasema sheria ipo, na hapo ndipo nilipoanza kumpenda. Alivua viatu vyake, akakunja miguu kwenye sofa, akaeleza polepole, kijana akimfuata. Mtoto wa kaunti hapelekwi kituo cha namna ile kwa sababu amekuwa msumbufu, wala kwa sababu hakuna kitanda pengine. Ndugu wa damu watafutwe kwanza na waulizwe wao wenyewe, kwa lugha wanayoielewa, si kwa mdomo wa mtu mwenye faida. Nyumba ya kawaida ijaribiwe, na msaada upelekwe pale pale nyumbani. Daktari aseme, kwa kumchunguza kweli, kwamba huyu mtoto hawezi kutibiwa akiwa kwa watu wake. Na jaji asikie hayo yote kabla, hasa ikiwa anatolewa jimbo hili kwenda jimbo lingine, si baada ya kuwa ameshalala huko. Kisha wakishampeleka, jaji aendelee kuuliza: bado anahitaji? Na bado?

"Sasa wamefuata lipi hapo?" nikamuuliza.

Kijana alimtafsiria. Dada alitazama soksi zake.

"Anasema wanaweza kumwambia jaji walijaribu yote," kijana akasema, "kwa sababu wanaye shahidi kwamba bibi alikataa. Bibi mwenyewe."

Akasema koti itakaa, na mimi lazima niingie nikaseme kwa mdomo wangu. Nikauliza kama mkwe atakuwepo ndani. Atakuwepo. Nikauliza kama naweza kusema nikiwa mlangoni, nimewapa mgongo. Kijana alitaka kucheka, akaona uso wangu, akameza.

Mwanangu aliporudi kutoka kazini nikamwambia. Akasema, Mama, kule nyumbani watasema. Na ni kweli, walisema. Mama kuketi chumba kimoja na mkwe wake na kubishana naye mbele za watu, kwetu ni sawa na kuvua nguo sokoni. Kanisani wanawake fulani walikuwa wameshaanza kusogea nikikaa benchi moja nao, wengine wananiambia, mwachie Mungu, huyo ni baba wa mtoto. Nikamjibu mwanangu: waseme. Midomo yao haitamsuka mtoto nywele.

Siku ya koti nilivaa ile ile nguo ya kanisani. Leso niliiacha nyumbani.

Mtoto aliletwa kutoka milimani, akakaa na wakili wake. Nilimtazama nywele kwanza. Walikuwa wamemfumua misuko na hapakuwa na mtu kule aliyejua la kufanya baada ya hapo. Zilisimama, zimekauka, zimeshikana kama pamba ya godoro la zamani. Uso umevimba. Dawa. Aliponiona alinyanyua mkono kidogo juu ya meza, vidole tu.

Kisha nikaketi, nikamtazama mkwe wangu usoni. Mara ya kwanza maishani. Nilishangaa. Ana kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, na masikio madogo kama ya mtoto. Miaka yote ile binti yangu alilala karibu na kovu hilo na mimi sikulijua. Sikugeuza macho. Ni yeye aliyeinamisha kichwa, na mahali alipokuwa anatazama palikuwa ni sakafu tu.

Jaji alikuwa mama wa Kizungu, miwani yake imefungwa kwa kamba shingoni. Aliniuliza kwa nini sikuingia siku ile. Nikamweleza ukuta wa wakwe, kama nilivyoueleza hapa. Nikamwambia nilimwachia mkwe maneno yangu, akayala na mandazi juu. Aliniuliza habari ya chai. Nikamwambia, mimi ndiye niliyemfundisha, na huyo baba yake naye alizungumza na baba yake kaburini, nilimsikia, basi kama ni ugonjwa wapelekwe wote wawili. Dada wakili alifunika mdomo. Mkwe hakuinua kichwa, wala hakukana.

Mama wa kaunti mwenye funguo akasema kitu kirefu. Jaji naye akasema kitu, kwa sauti ya upole, akinitazama mimi. Kijana wa Tanzania akaniinamia.

"Anasema kwa kuwa mtoto ameshaanza matibabu kule, na nafasi yake ipo, je, bibi utaridhia abaki hadi shule zifungwe, wewe uwe unamtembelea?"

Nikamjibu. "Niko hapa mimi. Mtoto haendi popote."

Kijana akashusha sauti. "Bibi, tumwambie mheshimiwa kwamba ungependelea..."

"Mimi sipendelei kitu, baba. Usinitilie sukari. Mwambie nilivyosema."

Akamwambia. Kizungu changu ni cha kununulia nyama, lakini nilisikia kwamba safari hiyo alikisema kifupi kama changu.

Jaji alichukua muda kuandika. Kisha akawauliza wale wa kaunti maswali, na kila swali lilikuwa lile lile la kwenye sofa: nani alimuuliza huyu mama kwa lugha yake? Ni nini kilijaribiwa nyumbani kwake? Kwa nini mimi nasikia leso imeshalowa? La leso ni langu, lakini ndiyo maana yake: kwa nini aambiwe baada ya mtoto kupelekwa. Akasema mtoto arudi Lanham jioni ile ile, daktari mwingine amwone, mshauri awe anakuja nyumbani, na mwaka ukianza turudi mbele yake aone. Sikukataa mshauri. Mtu mwenye msiba anahitaji watu. Mama wa kaunti alinishika mkono mlangoni akasema pole, kwa Kiswahili. Sijui alifundishwa na nani. Nilimwitikia, lakini yule mama alikuwa amepita mbele ya kiti changu cha plastiki akiingia na akitoka, na hakuwahi kumtafuta hata mtu mmoja wa kuniuliza.

Mtoto alilala kwenye waridi siku ile bila kusema neno juu ya rangi.

Kusema alianza mwenyewe, kidogo kidogo, akiwa ameketi kati ya magoti yangu nikimchambua zile nywele kwa mafuta na kitana cha meno mapana. Alisema mkanda. Alisema kabati. Alisema kule milimani usiku mtu hupita na tochi na kukumulika usoni kuona kama upo. Mimi nachambua tu. Nywele zikikatika nazifunga kwenye karatasi.

Spinachi ilikuwa imesharudi madukani, watu wakiinunua kwa kuiogopa, wakati mlango wetu ulipogongwa. Ilikuwa wiki ya Krismasi. Mwanangu alifungua, nikasikia sauti mbili za wazee wa kanisa letu, na nyuma yao ile ya tatu. Nilikuwa natengeneza msuko wa pili kutoka mwisho. Nikachomeka kitana kichwani mwa mtoto, nikamwambia akae hapo hapo, nikaenda.

Wazee walikuwa wamebeba gunia la unga. Mkwe alisimama hatua moja nyuma ameelekea kwenye vyuma vya kushikilia vya ngazi, adabu tupu, kisogo kwangu. Mkononi alikuwa na mkebe wangu wa biskuti. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Aliujaza sukari hadi mfuniko haufungi.

Mzee mmoja akaanza mbali. Akasema siku hizi ni za Bwana. Akasema kijana amekosa, lakini yote yalitokana na mila zetu, Wamarekani hawakuelewa koridoni, si kwamba kuna aliyedanganya. Basi nikubali mtoto aende Gaithersburg kwa baba yake sikukuu hii, wale pamoja. Na mwaka ukianza, mbele ya jaji, niseme tu kwamba ilikuwa ni kutoelewana. Familia ni moja, Mama. Mambo ya nyumbani hayaanikwi kwa Wazungu.

"Huyo anayetaka mbona hasemi?" nikauliza.

Mkwe alizungumza na vile vyuma. "Mama, nakuheshimu. Siwezi kusema nikikutazama."

"Nigeukie."

Mzee mmoja akaniita kwa jina la ukoo wangu, taratibu, kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Mkwe hakugeuka. Mkebe ukawa unamwaga sukari mlangoni pangu, uzi mwembamba, naye haoni.

Nilipita katikati ya wazee, nikazunguka, nikasimama kati yake na vile vyuma, hadi sikuwa na pa kutazama isipokuwa lile kovu. Nyuma yetu mtoto alikuwa ametoka hadi kizingitini, kitana kichwani.

"Niko hapa mimi," nikamwambia. "Mtoto haendi popote."